Changarawe za Kuku: Tusichote Mchanga wa Karasha

Kuku hana meno. Jambo hili linajulikana na kila mtu, hata mtoto mdogo. Lakini ukiuliza, "Basi kuku husaga punje ya mahindi kwa kitu gani?" wengi wetu hunyamaza. Jibu ni fupi. Kuku husaga kwa mawe.

Tuangalie jinsi chakula kinavyosafiri. Kuku akidonoa punje, huimeza nzima. Punje huingia kwanza katika gole, yaani ule mfuko ulio chini ya shingo, ambao huvimba jioni kuku anaposhiba. Hapo chakula hulowana na kulainika. Kisha hushuka katika tumbo dogo lenye maji makali ya kuyeyusha chakula. Halafu huingia katika firigisi. Firigisi ni msuli mnene wenye nguvu sana. Ndani yake mna ngozi ngumu ya manjano, ile ambayo akina mama huichuna na kuitupa kabla ya kupika. Ndani ya ngozi hiyo mna vijiwe. Firigisi inapojiminya, vijiwe husagana na punje, kama jiwe la juu na jiwe la chini la kusagia unga. Kuku hutembea na mashine yake ya kusaga tumboni.

Ndugu msomaji, usiamini tu kwa sababu imeandikwa. Siku mtakapochinja kuku, pasueni firigisi polepole. Mwageni yaliyomo ndani ya bakuli la maji, mwoshe, mhesabu. Kuku aliyekuwa akizunguka kwenye ardhi ya changarawe atakuwa na vijiwe vingi vyenye ukubwa wa punje ya mtama. Vyenye kingo kali ni vipya. Vilivyo laini kama shanga vimefanya kazi siku nyingi na vinakaribia kwisha. Jiwe gumu huweza kukaa humo majuma mengi, hata miezi, na kuku huongeza jingine pale anapohitaji. Darasa likifanya kazi hii mara moja tu, halitahitaji maneno mengi ya mwalimu.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Hapa Ushetu tunasema kwamba kuku wa kienyeji hahitaji kutunzwa, hujitafutia mwenyewe. Wanaosema hivyo wana sehemu ya haki. Kuku anayezurura mchana kutwa hujiokotea majani, wadudu, punje na vijiwe vyake. Hahitaji mtu wa kumhesabia mawe. Zamani tuliishi hivyo, na kuku walikuwapo.

Lakini mambo yamebadilika. Mvua zinapoanza mwezi wa Novemba, kila mtu hupanda karanga na mahindi, na kuku huzifukua mbegu zote. Ugomvi wa majirani huanza hapo. Kwa hiyo watu wenye busara huwafungia kuku kwa majuma kadhaa. Wengine siku hizi wamejenga mabanda na kuwafungia kuku mwaka mzima, kwa sababu ya wizi, vicheche na mwewe, au kwa sababu wanafuga kuku wengi wa kuuza Kahama mjini. Kuku aliyefungiwa hula anacholetewa. Ukimletea mahindi na mtama mzima bila changarawe, umemletea kazi bila jembe.

Tena ardhi zetu hazifanani. Wazee wa Kisukuma wana majina ya udongo ambayo hata mabwana shamba wameyaandika katika vitabu vyao. Kuna luseni, yaani udongo wa kichanga ulio karibu na vilima vya mawe. Kuna ibushi, wenye vipande vya chokaa ndani yake. Kuna mbuga, ule udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Kuku wa mtu aliyejenga kwenye luseni hupata vijiwe vigumu akigeuka tu. Kuku wa mtu aliyejenga kando ya mbuga huweza kuparua siku nzima asipate jiwe la maana. Watu wawili wa kijiji kimoja, kuku wa mbegu moja, lakini matumbo yao hayana mashine sawa.

Kuku akikosa vijiwe, hatakufa kesho. Ndiyo maana hatuoni hasara. Firigisi yake hulegea, punje hazisagiki vizuri, naye hula sana na kunenepa kidogo. Yule anayelishwa unga na pumba tupu hahitaji vijiwe vingi, kwa kuwa chakula chake kimekwisha kusagwa. Hilo nalisema wazi, ili mtu asije akanunua kitu asichokihitaji. Lakini kuku wa punje, majani magumu na makombo anahitaji. Na akikosa jiwe, hudonoa chochote kigumu anachokiona. Atameza kipande cha chupa, msumari mdogo, ushanga au waya. Jambo hili nitalirudia, maana ndilo linalonipa hofu.

Je, changarawe tutaipata wapi? Sipendi kusikia mtu wa Ushetu anatoa fedha dukani kununua mfuko wa changarawe za kuku. Nchi hii imejaa mawe. Mahali pazuri ni makorongo na mito ya msimu inayotoka kwenye majabali, mbali na machimbo. Maji ya mvua huleta mchanga mnene, nao hubaki chini mvua ikikatika. Vijiwe vyeupe vinavyong'aa kidogo ndivyo vigumu kuliko vyote. Mawe laini yanayopondeka kwa vidole hayafai, kwa sababu firigisi itayageuza matope kwa siku chache. Vigae vya chungu na vipande vya matofali vinaweza kusaidia penye shida, lakini huisha upesi. Mkaa si changarawe. Majivu si changarawe pia. Majivu ni ya kuogea, kuku ajitimulie kufukuza utitiri na chawa.

Chotea ndoo moja. Ichekeche. Kwa kupima ukubwa hatuhitaji rula, tunazo nafaka zetu. Kifaranga anahitaji vijiwe vya ukubwa wa punje ya ulezi. Kuku anayekua anahitaji vya ulezi mpaka mtama mdogo. Kuku mkubwa anahitaji vya ukubwa wa punje ya mtama, au nusu ya punje ya mahindi. Vumbi linalopita kwenye chekeche laini halina kazi tumboni, litupe. Kisha osha mchanga kwa maji mara mbili au tatu, mpaka maji yawe safi, uuanike juani ukauke kabisa. Ndoo moja ya mchanga namna hii itawatosha kuku kumi kwa muda mrefu sana, maana kuku mmoja huhitaji kidogo tu.

Namna ya kuwapa nayo ina kanuni yake. Usichanganye changarawe na chakula, kwa sababu utamlazimisha kuku kumeza asichohitaji. Weka katika kopo lililokatwa au kigae cha chungu, pembeni ya banda, mahali pakavu, kuku achukue mwenyewe. Mwenye kujua kiasi ni kuku. Lakini angalia jambo moja. Kuku aliyeshinda na njaa akiona mchanga kwanza ataujaza gole akidhani ni chakula, na gole linaweza kuziba. Hasa vifaranga. Kwa hiyo walishe kwanza, washibe, ndipo uwawekee changarawe. Vifaranga wasubiri siku chache baada ya kuanguliwa, mpaka wakijue chakula. Wakianza kupewa chenga za mahindi au ulezi, nyunyiza vijiwe kidogo, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga.

Hapa pana jambo linalochanganywa na watu wengi, hata wale waliosoma. Kuna mawe ya kusagia, na kuna chokaa ya kutengenezea ganda la yai. Si kitu kimoja. Jiwe gumu hukaa katika firigisi likisaga. Magamba ya konokono, magamba ya kome kutoka Ziwa Viktoria na maganda ya mayai huyeyuka katika yale maji makali ya tumboni, na huingia katika damu ya kuku. Kuku hutumia madini hayo kujengea ganda. Ganda la yai moja lina madini ya kalisi kiasi cha gramu mbili hivi. Tetea asiyepata kalisi ya kutosha huchukua kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Utaona mayai yenye ganda laini kama ngozi, na baadaye utaona tetea anachechemea.

Maganda ya mayai tunayatupa bure jalalani. Yaoshwe, yakaushwe, yakaangwe juu ya moto, kisha yatwangwe mpaka yasitambulike kuwa ni mayai. Ukimpa kuku ganda zima utamfundisha kula mayai yake, na tabia hiyo haitoki. Wape matetea wanaotaga peke yao, katika chombo cha pekee. Vifaranga na kuku wanaokua wasipewe chokaa nyingi, kwa sababu huwaharibu mafigo. Wala usichukue chokaa ya kupaka nyumba ukawapa kuku. Ile imechomwa, nayo huunguza midomo na tumbo.

Hayo ndiyo ya kawaida. Sasa nisogee kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Tunakaa katika nchi ya dhahabu. Kaskazini yetu kuna Bulyanhulu. Karibu na Kahama mjini palikuwa na mgodi wa Buzwagi, uliofanya kazi tangu mwaka 2009 hadi 2021. Mbele zaidi kuna Geita. Migodi hiyo mikubwa ina uzio na walinzi, na kuku wa mtu hafiki huko. Mimi nasema juu ya machimbo yetu madogo, ya maduara, makarasha na mialo, ambayo mengine yako hatua chache tu kutoka mlango wa jiko. Humo wamo ndugu zetu na watoto wetu. Wamejenga nyumba za bati kwa kazi hiyo, na siwalaumu kwa kutafuta riziki.

Lakini nimeona tabia inayoenea. Mtu anataka changarawe ya kuku. Korongo liko mbali, karasha liko karibu. Pale panapopondwa mawe kwa nyundo pamejaa vipande vidogo vyeupe, vikali, vizuri kuvitazama, vyenye ukubwa uleule wa mtama. Anajaza kopo na kurudi nyumbani, akidhani amepata kitu bora bila kutoa hata shilingi. Wengine hawachoti, lakini kuku wao wenyewe hushinda wakiparua katika chungu za marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu.

Nasema tuache tabia hiyo. Nasema hivyo kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni jiwe lenyewe. Mwamba wa dhahabu mara nyingi haukai peke yake. Huweza kuwa na madini mengine ndani yake, kama vile risasi na aseniki, nayo ni sumu. Hatuwezi kutofautisha kwa macho jiwe lenye risasi nyingi na lisilo nayo. Na firigisi, kama tulivyoona, ni mashine ya kusaga iliyo jirani na maji makali. Jiwe lenye risasi likiingia humo halipiti haraka. Hukaa, husagwa kidogo kidogo kila siku, na sumu yake huyeyuka na kuingia katika damu ya kuku. Wataalamu wa nchi za Ulaya na Marekani waliligundua jambo hili zamani kwa mabata ya mwituni, ambayo yaliokota chini ya maziwa risasi ndogo za bunduki za wawindaji, yakidhani ni vijiwe vya firigisi. Yalikufa kwa maelfu. Bata wale walifanya jambo lile lile ambalo kuku wako hufanya.

Sababu ya pili ni zebaki. Wachimbaji wengi wadogo huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa ili ikamate dhahabu. Sehemu ya zebaki hiyo hubaki katika marudio. Nyingine hupanda hewani wakati wa kuchoma, na wako wanaochomea kwenye jiko la nyumbani, ambapo mvuke huganda na kuanguka palepale uani. Sumu hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata nchini Japani, iligundulika rasmi kwamba watu walikuwa wakiugua ugonjwa wa kutetemeka, kupofuka na kupooza. Kiwanda kilikuwa kikimwaga uchafu wenye zebaki baharini, zebaki ikaingia katika samaki, na watu wakala samaki. Paka wa wavuvi waliugua kwa namna ileile, wakizunguka kama walevi. Watoto wengi walizaliwa na vilema kwa sababu mama zao walikula samaki wale walipokuwa waja wazito. Mkataba wa mataifa wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Sababu ya tatu ni sianidi, inayotumika katika matangi ya kuchenjulia marudio. Kuku akinywa maji ya hapo, hutamwuliza kitu tena. Hii sina haja ya kuieleza sana, maana wenye mifugo karibu na matangi wanaijua kuliko mimi.

Labda mtu atasema: Minamata ni mbali, na samaki si kuku. Basi tuje karibu. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, wakulima kama sisi walichukua mawe ya dhahabu wakayapeleka nyumbani. Wakayaponda na kuyasaga uani, wengine kwa mashine zilezile za kusagia nafaka. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi lilienea katika nyua ambamo watoto walichezea na kuku walikula. Watoto zaidi ya 400 walikufa, wengi wao chini ya miaka mitano. Wazazi walidhani ni malaria. Hakuna aliyetaka kumwua mtoto wake. Walileta kazi nyumbani tu.

Mawe yetu si lazima yawe na risasi kama ya Zamfara. Lakini mtu anayemlisha kuku jiwe asilolijua hana namna ya kusema "yangu ni salama".

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu limekwisha kutolewa. Katika kijiji kimoja mama mmoja wa darasa la kisomo alimwendea mzee mwenye karasha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri baba. Nimekuja kukuomba uweke uzio. Kuku wetu wanashinda kwenye marudio yako."

"Mwanangu, kuku wangu mimi wanakula hapo mwaka wa tano huu. Unaona wamekufa?"

Mama yule hakuwa na jibu siku ile. Mimi nataka kumpa jibu. Sumu ya risasi na zebaki haifanyi kazi kama mdondo. Mdondo ukiingia, asubuhi unakuta kuku kumi wamelala chali. Sumu hizi hujilimbikiza polepole. Kuku wa kienyeji haishi miaka mingi; tunamla kabla sumu haijamwua. Kwa hiyo kuku hafi. Anatuletea sisi. Risasi huenda kwenye mifupa, maini na mafigo ya kuku, na huingia katika yai. Zebaki pia huweza kuingia katika yai. Kupika hakuziondoi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini risasi na zebaki si vijidudu, ni madini. Ukiyachemsha asubuhi, jioni bado yapo.

Na ni nani anakula? Kwa desturi yetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, au ya mgeni wa heshima. Basi mzee mwenye karasha ndiye anayepewa kinu chenyewe, baada ya kusaga mawe yake miezi sita! Huenda akitafakari hilo atanunua matete ya uzio leo.

Mayai ni ya watoto. Zamani katika sehemu nyingi wanawake na watoto walikatazwa mayai. Desturi hiyo ilikuwa mbaya, na ni vizuri kwamba inakwisha. Wazee walioshiriki katika vikundi vya kusikiliza redio vya mwaka 1975, wakati wa kampeni ya Chakula ni Uhai, watakumbuka jinsi walivyofundishwa juu ya chakula bora. Kliniki leo zinahimiza mtoto apewe yai. Sasa tumfundishe mama ampe mtoto yai, halafu tuache yai lenyewe litoke kwenye marudio? Mtoto mdogo na mtoto aliye tumboni ndio wanaoumizwa kuliko wote na risasi na zebaki, maana ubongo wao bado unajengwa. Mtoto hataanguka. Atakuwa mzito wa kusoma tu, na mwalimu atasema ni mvivu.

Nimesema nitarudia juu ya kuku asiye na vijiwe. Kwetu Ushetu kuna dhahabu, lakini kuna tumbaku pia. Mkulima wa tumbaku huhifadhi mifuko ya mbolea na dawa nyumbani, mara nyingine chini ya kitanda, mara nyingine kwenye bani lisilotumika. Tazama punje za mbolea ya NPK. Ni za mviringo, ngumu, zenye ukubwa wa mtama. Kwa jicho la kuku aliyekosa changarawe, hizo ni changarawe. Dawa za wadudu za chembechembe nazo ni hivyo hivyo, tena ni hatari zaidi, kwa sababu punje chache tu huweza kumwua ndege. Hali kadhalika betri kuukuu za sola zinazopasuliwa na watoto uani. Vipande vyake vya ndani ni risasi tupu. Mtu anayewapa kuku wake kopo la changarawe safi hawalishi tu. Anawapunguzia hamu ya kuokota vitu vya namna hii. Hata hivyo kopo la changarawe si kufuli. Mifuko ifungwe, iwekwe juu, na mbolea iliyomwagika izolewe siku hiyohiyo.

Wengine watasema: "Tuuchote mchanga wa karasha, lakini tuuoshe vizuri." Hapana. Kuosha huondoa vumbi na samadi. Risasi iliyo ndani ya jiwe haioshwi, kama vile huwezi kuosha weupe utoke kwenye maziwa. Na zebaki nzito hubaki chini ya ndoo, halafu yale maji unayamwaga wapi? Uani. Kuna wanaosema pia kwamba mchanga wa marudio umesagwa mpaka umekuwa kama unga, kwa hiyo hauna madhara. Kinyume chake. Unga huo haufai kusagia kitu katika firigisi, na sumu iliyo katika unga huyeyuka upesi kuliko iliyo katika jiwe zima. Ni hasara mara mbili.

Tufanye nini basi? Serikali ina sheria zake za madini na mazingira, na zifuatwe. Lakini uzio wa marudio katika kitongoji chetu hautajengwa na mtu wa Dodoma. Ningependa mkutano wa kijiji uamue kwamba karasha na mwalo visiwe ndani ya makazi, na kwamba chungu zilizopo zizungushiwe uzio wa miti na miiba, kama tunavyozungushia zizi. Mwenye karasha atoe miti, wenye kuku watoe nguvu. Hiyo ni haki, kwa kuwa faida ni ya mmoja na kuku ni wa wote. Kuchoma zebaki jikoni kukatazwe kabisa. Na wachimbaji wabadili nguo na viatu kabla ya kuingia nyumbani, maana vumbi lile halibagui kuku na mtoto.

Darasa la kisomo linaweza kuanza bila kusubiri mkutano. Siku moja baada ya somo, watu wote waende korongoni na ndoo na chekeche. Changarawe iliyochekechwa igawiwe kwa kila mwenye kuku, hasa wale wanaokaa kando ya mbuga. Siku hiyohiyo mhamasishaji wa chanjo aitwe, kuku wote wapewe chanjo ya mdondo ya matone ya jicho, ile inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Changarawe haizuii mdondo, nisije nikaeleweka vibaya. Lakini watu wakiwa wamekusanyika, kwa nini tuwaite mara mbili?

Limebaki swali moja gumu, nalo huulizwa kwa sauti ndogo. Kuku ambao tayari wamekula kwenye marudio miaka miwili mitatu, tuwafanye nini? Wengi wanataka kuwapeleka mnadani. Mimi nakataa, kwa sababu mnunuzi naye ana watoto. Kuwafungia na kuwapa changarawe safi kutasaidia, lakini hakutaondoa kwa juma moja sumu iliyokwisha kuingia katika mifupa. Mayai yao wasipewe watoto wala waja wazito, na firigisi zao na maini yao yafukiwe, hata baba akinung'unika. Kazi moja iliyo salama bado wanaiweza, nayo ni kuatamia. Omba mayai kwa jirani anayekaa mbali na machimbo, umlipe kwa vifaranga. Mwekee tetea wako mayai hayo kumi au kumi na mawili ndani ya banda lenye uzio. Baada ya siku 21 wataanguliwa. Wape maji, wape chenga, waache siku chache wakijue chakula, halafu nyunyiza changarawe ya korongo, ndogo kama ulezi.